Karadha kwa Serikali, Riba kwa Benki

Columbus, Ohio

Jumamosi, 18 Januari 2025

Gari limegoma kuwaka. Betri. Dola 160, na mshahara wa jana umeshamezwa na kodi ya nyumba. Kadi tena. Nimechungulia deni kwenye simu kabla ya kulala: dola 1,800 kamili, asilimia 24 kwa mwaka. Hesabu yake nimeiacha, usiku si wa kujiumiza.

Baba Watoto hana wasiwasi. "Mwezi ujao pesa za kodi zinaingia, tunalifuta lote." Kila Januari anasema hivyo. Na kweli mwaka jana tulilifuta. Limerudi.

Jumatano, 22 Januari

Baridi hii ina ugomvi na mtu. Wazee ninaowatunza kazini wamekataa hata kusogea dirishani.

W-2 yangu, karatasi ya mapato na makato ya mwaka, imeshatoka, nimeisomea chooni kama barua ya mapenzi. Mshahara wa mwaka, dola 41,000. Kodi ya serikali kuu waliyokata, 2,936. Jiji la Columbus na asilimia 2.5 yake. Hifadhi ya jamii na Medicare, asilimia 7.65, yaani zaidi ya dola 3,100. Ajabu, hiyo ndiyo kubwa kuliko zote na hakuna anayeitaja, kwa sababu hairudi. Watu wanaipenda ile inayorudi.

Chumba cha mapumziko mazungumzo ni hayo hayo. Mmoja meno, mmoja nauli ya kwenda Kinshasa, mmoja televisheni ya ukuta mzima. Kila mtu ana zake kichwani na bado hazijafika. Mimi nilijifanya nakula.

Jumatatu, 27 Januari

Leo mamlaka ya kodi imefungua milango ya kupokea fomu. Nimekataa katakata kurudi kwa yule bwana wa kujaza fomu wa Cleveland Avenue. Mwaka jana alitukata zaidi ya dola 300, na alizichota ndani ya marejesho yenyewe, hata hatukuzisikia zikitoka. Huo ndio ufundi wao, mtu haumwi na pesa ambayo hajaishika.

Nimefanya mwenyewe kwa ile programu ya bure ya serikali. Kikomo ni kipato cha dola 84,000. Sisi wawili kwa pamoja 79,000, tumepita chini yake. Watoto wamelala, chai ya tangawizi, Baba Watoto amekaa pembeni kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo. Yake ni 38,000, wamekata 2,576.

Jibu: dola 3,997.

Akapiga makofi. "Elfu nne, kasoro dola tatu!" Akaenda kulala anaimba.

Mimi nimebaki na ule ukurasa. Wametukata 5,512 mwaka mzima. Kodi tunayodaiwa hasa, baada ya punguzo la watoto wawili, dola 2,000 kwa kila mmoja, ni 1,515. Elfu moja mia tano na kumi na tano! Zilizobaki hazikuwa kodi hata siku moja. Zilikuwa zetu, zimekaa Washington.

Saa saba usiku sasa, na kesho ni shifti ya asubuhi.

Jumanne, 28 Januari

"Imepokelewa." Tovuti yao inabadilika mara moja tu kwa siku, usiku, imeandikwa hapo wazi. Baba Watoto amefungua asubuhi, mchana na jioni.

Jumamosi, 1 Februari

Mchezo leo, nyumbani kwa kijumbe, kule nyuma ya Morse Road. Kumi sisi, dola 200 kila mwezi. Kapokea yule dada wa Mombasa. Kavaa, kajitanda, kanukia, elfu mbili mkobani. Zamu yangu Juni.

Nikiwa nimekaa pale na kisahani cha kaimati nikawaza: hii refandi yetu nayo ni mchezo. Tunatoa kila wiki mbili, tunapokea mara moja. Ndivyo Baba Watoto anavyoitetea. Lakini kwenye mchezo zamu zinazunguka. Anayepokea Januari amekopeshwa na wote, anayepokea Oktoba amewakopesha wote, mwakani tunageuza. Na ukifiwa, unamwendea kijumbe, anaongea na wenzako, zamu inaletwa mbele. Washington mimi ni wa mwisho miaka yote. Gari life Septemba, kijumbe gani nitamwendea?

Sikusema. Nilikula kaimati.

Jumapili, 2 Februari

Nimesema.

Tulikuwa tunakunja nguo. Nikamwambia, kwa upole kabisa, unajua tunaikopesha serikali dola elfu nne kila mwaka bila hata senti ya faida? Akanitazama na soksi mkononi.

"Kwani wewe unataka faida? Mkopo usio na riba si ndiyo karadha njema hiyo? Hesabu thawabu."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Na ana hoja, ndilo linaloniudhi. Kila mtaalamu wa pesa nchi hii analia kilio kimoja: usichukue marejesho makubwa, pesa yako ungeiweka benki ikakuzalishia asilimia 4. Nimeipiga hiyo hesabu. Pesa inakatwa kidogo kidogo, kwa hiyo kwa wastani ni kama elfu mbili zimekaa mwaka mzima, kisha zote zinangoja Januari na Februari. Faida yake ni kama dola mia moja. Mia moja! Na ni riba, ambayo hata ikija tungetafuta pa kuitoa. Kwa hiyo hoja yao kuu, kwetu sisi, haina miguu.

Nikanyamaza nikidhani nimeshindwa.

Ikanijia kwenye karai la vyombo. Kadi! Dola 1,800 kwa asilimia 24 ni 432 kwa mwaka, dola 36 kila mwezi. Nikamrudia na mikono ya povu: serikali tunaipa karadha, na siku ileile tunakopa benki kwa riba. Pesa yetu ingekuwa mkononi, lile deni lisingekuwapo. Tunajidai hatuli riba. Kuilipa je?

Hapo hakucheka. Alikunja shati moja mara mbili.

Baadaye sana, taa imeshazimwa: "Pesa ukiiona utaila, mke wangu. Hiyo ndiyo shida. Na isiyoonekana haiombwi."

Sikumjibu. Si kwa sababu sina jibu.

Jumanne, 4 Februari

Isiyoonekana haiombwi, eti.

Sauti ya mdogo wangu kwenye WhatsApp leo alfajiri, kutoka Tanga, na kelele za Ngamiani nyuma yake. Shikamoo dada, hamjambo huko, watoto hawajambo, baridi vipi. Dakika nzima ya salamu. Mdogo wangu huyu nikiona salamu zinarefuka najua. Halafu: "Dada, nasikia huko msimu wa kodi umefika." Anataka kuongezewa ya pikipiki. Bodaboda.

Kasikia wapi? Makorora nzima, mtaa wetu kule Tanga, inaijua Februari yetu! Mwaka mzima tumeificha pesa isionekane, halafu inatoka siku moja, yote, hadharani, mwezi ambao kila jamaa ameushika kwa kichwa. Ingekuwa dola sabini na kitu kwenye kila mshahara, nani angejua? Hata mimi nisingejua.

Nimemwambia Baba Watoto hivyo hivyo. Akasema mdogo wako huyo angeomba hata Agosti. Kweli pia.

Ijumaa, 7 Februari

Mzee wa chumba cha mwisho amechangamka leo. Alikuwa mhasibu, ana miaka tisini na kitu na namba zake bado zimenyooka kuliko za watoto wangu. Nikamuuliza wakati namvisha soksi: hii ya kukatwa kodi kabla ya kuuona mshahara ilianza lini?

"Vita," akasema. 1943. Julai ya mwaka huo ndipo utaratibu wa sasa wa mwajiri kukata ulipoanza kwa wafanyakazi wa kawaida. Kabla ya mwaka huo mtu alipokea mshahara wake bila kukatwa kodi ya mapato, akaja kulipa mwaka unaofuata, na siku yenyewe ilikuwa 15 Machi; hii 15 Aprili imekuja 1955. Kabla ya vita watu wengi hata hawakuwa na kodi ya kulipa. Vita vikaileta kodi kwa vibarua na makarani, serikali ikaona hawa hawatakuwa nayo mkononi mwisho wa mwaka. Kwa hiyo ikate mapema. Akanitajia na mtu aliyeipigia debe, Beardsley Ruml, bwana mmoja wa duka la Macy's. Na vijana wa Wizara ya Fedha waliosaidia kuitengeneza, mmoja akiwa Milton Friedman, yuleyule aliyekuja kuwa maarufu kwa kuisema serikali kuwa ni kubwa mno. Mzee alicheka hapo mpaka akakohoa.

Anakumbuka baba yake ameishika karatasi ya mshahara mezani, anamuuliza mama yake, "Hizi nyingine ziko wapi?"

Nikamuuliza, wewe ulikuwa unapokea marejesho? Akaniangalia kama nimemtukana. "Nilihakikisha kila Aprili nadaiwa. Kidogo. Chini ya kiwango cha faini." Kisha akaomba uji wake.

Yeye hakuwa na mama wa kumtumia pesa Makorora. Lakini nimempenda.

Jumatano, 12 Februari

Imeingia! Saa kumi na moja alfajiri, simu imetetema chini ya mto. 3,997. Baba Watoto kaiona kabla yangu, kanibusu kwenye paji la uso, haya tena.

Sikungoja apange. Niko chumba cha kubadilishia nguo kazini, kiatu kimoja mguuni, nikalipa kadi yote. Riba ya mwezi huu ilikuwa imeshaongezwa, kwa hiyo 1,836. Imebaki 2,161. Ile 36 ndiyo iliyonichoma. Pesa ilikuwa Washington, salama salimini, wakati benki inatuongezea 36.

Na bado, niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: raha yake. Raha ya kulipa deni zima kwa kidole kimoja. Ningekuwa nalipa sabini sabini ningeisikia hii? Nimetembea shifti nzima kama nimevaa viatu vipya.

Jumapili, 16 Februari

Mgawo wa 2,161: Mama, dola 300, aanze Ramadhani na dawa zake na mchele ndani. Mdogo wangu, 200, na maneno makali. Matairi mawili. Viatu vya mkubwa, miguu yake haina adabu. Baba Watoto ananitajia kochi. Nikamwambia kochi lina nini? Akasema halina kitu, ndiyo maana anataka kubadilisha wakati pesa ipo.

Wakati pesa ipo! Hapo ndipo penyewe. Mwezi Mei tungekuwa na dola 77 mkononi, nani angetaja kochi?

Jumanne, 18 Februari

Shoga yangu wa ghorofa ya chini amepanda kuazima sukari, akakaa saa mbili. Watoto watatu, peke yake, dola 26,000 kwa mwaka. Yake bado. Sheria inakataza watu wa fungu lake kulipwa kabla ya katikati ya Februari, wanakaguliwa kwanza. Wale wa duka la kujaza fomu walimshawishi achukue pesa ya mbele, akachukua, sasa anahesabu walichomkata.

Nikaanza kumhubiria. Karadha, kadi, pesa yako, fomu. Akanisikiliza kwa adabu yote ya Bukavu. Kisha akanifungulia simu yake: kodi aliyokatwa mwaka mzima haifiki dola mia tano. Marejesho yake yanapita elfu kumi.

Nikafunga mdomo.

Ile si pesa yake iliyokaa Washington. Ni ruzuku ya wafanyakazi wa kipato kidogo. Kwa mwenye watoto watatu inafika mpaka dola 7,830 kwa mwaka wa 2024, na juu yake sehemu ya punguzo la watoto analorudishiwa taslimu. Inatolewa mara moja kwa mwaka, basi. Zamani kulikuwa na njia ya kuipata kidogo kidogo kwenye mshahara, ikafutwa mwishoni mwa 2010, na waliokuwa wakiitumia walikuwa wachache sana. Kwa hiyo yeye akiulizwa marejesho makubwa ni uamuzi wa busara au la, atajibu nini? Hakuamua. Hana fomu ya kujaza. Ushauri wote wa wale mabwana wa suti haumhusu, na nimeuona uso wake wakati ninaurudia ushauri ule ule sebuleni kwangu, nimekaa kwenye kochi ambalo mume wangu anataka kulibadilisha.

"Mwezi mmoja kwa mwaka," alisema mlangoni, "na mimi ninakuwa mtu." Nilimwongezea sukari.

Kwa hiyo kuna refandi mbili, na jina wamezipa moja. Ya kwake analetewa. Ya kwetu tumeipeleka wenyewe, tukaishangilia ilipotoka.

Alhamisi, 20 Februari

Nimefukua karatasi za 2021. Baba Watoto alidai wakati wa chakula kwamba tulishawahi kulipwa kila mwezi, mwaka ule wa korona, na "ikayeyuka yote, hukumbuki?" Nikasema nakumbuka. Kumbe nilikuwa sikumbuki.

Julai mpaka Desemba 2021. Dola 300 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 6, na wetu wote walikuwa chini ya hapo. Mia sita, tarehe 15 au karibu yake. Nikaweka taarifa za kadi pembeni ya taarifa za benki, sakafuni, kama mpelelezi. Juni tunadaiwa. Julai deni limeshuka. Agosti limeshuka. Septemba tulinunua mashine ya kufulia, na hatukuigusa kadi! Novemba hakuna deni. Januari malipo yamekoma. Februari kadi imeanza tena.

Haikuyeyuka. Ilikwenda kwenye petroli, nepi, umeme, mayai, yaani kila kitu ambacho mtu akinunua hakioni kesho yake. Kochi unaliona. Deni ambalo hukukopa utalionaje?

Nimempelekea zile karatasi kitandani. Kasoma na miwani, kisha bila miwani. "Mashine tulinunua taslimu?" Taslimu, Baba Watoto.

Hakusema zaidi. Lakini hakulala haraka, nilimsikia akijigeuza.

Jumatatu, 24 Februari

Nimechapisha W-4, fomu ya kumwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani. Kazini wanaendelea kushauriana: "Weka sifuri, weka sifuri, utarudishiwa nyingi." Mimi nilipoajiriwa niliambiwa vilevile. Lakini sifuri yenyewe iliondoka na fomu ya zamani! Tangu 2020 hakuna pa kuiandika. Unachagua hali ya ndoa, unataja watoto kwa dola. Watu bado wanapokezana wosia wa fomu iliyokufa.

Na si kila mwenye hofu ni mjinga. Yule Mfilipino wa shifti ya usiku, yeye na mumewe wote wanafanya kazi, watoto wameshakua. Kila mmoja kwenye fomu yake aliweka alama ya "wanandoa wanaojaza pamoja", hawakugusa sehemu inayosema mko wawili mnaofanya kazi. Kila mwajiri akamhesabia msamaha wote wa wanandoa, peke yake. Aprili iliyopita walidaiwa zaidi ya elfu tatu, na faini juu, kwa sababu pengo likipita elfu moja wanaanza kuuliza maswali. Kalipa kwa awamu mpaka Krismasi. Baba Watoto anaijua hadithi hii kuliko anavyozijua za Mitume. "Bora wanirudishie kuliko wanifuate."

Sawa. Ninaichukua. Mtu aliyehamia nchi ya watu hataki barua ya serikali mlangoni, na dola mia moja za riba asiyoitaka haziwezi kumshawishi aikaribishe. Hofu hiyo ina haki yake.

Ila kati ya kudaiwa elfu tatu na kurudishiwa elfu nne, kuna nafasi ya kutosha kuegesha lori.

Jumatano, 26 Februari

Hesabu, mezani, yeye yupo. Hali ya ndoa tunaiacha ilivyo, "mmoja mmoja", kwangu na kwake, hiyo ndiyo ngao yetu. Ninakatwa kama dola 111 kila mshahara. Nikiandika watoto wote wawili kwenye fomu yangu, 4,000 kugawa kwa mishahara 26 ni karibu 154. Hazipo za kukata! Watafika sifuri na nyingine itabaki hewani.

Nikiandika mmoja: 2,000 kwa 26. Dola 76 na senti 92.

"Na mwingine?" akauliza.

Mwingine mwache. Akae Washington. Ndiye kochi lako.

Alicheka sana. Kisha akaniuliza swali zuri, la kwanza la maana mwezi huu: hiyo 76 itakwenda wapi, kabla haijazoeleka? Kwa sababu tukiiacha kwenye akaunti ya kila siku itakuwa mayai. Nikamwambia ofisi ya mishahara inaweza kuugawa mshahara kwenye akaunti mbili. Dola 77 ziende moja kwa moja akaunti ya pembeni, isiyo na kadi, isiyozaa kitu. Yakitokea ya kutokea, tunachota hapo kabla ya kugusa ile kadi ya asilimia 24.

"Kijumbe wewe," akasema.

Ijumaa, 28 Februari

Nimekabidhi fomu ofisini. Binti akaipitia, akaniuliza, una uhakika? Marejesho yako yatapungua. Kama vile nimeomba kupunguziwa mshahara. Nikamwambia nina uhakika, na mkono ulikuwa unatoka jasho.

Mwezi umeandama. Kesho tunafunga. Nimepika uji wa pilipili manga tayari, watoto wanagombea nani ataamshwa daku.

Jumanne, 4 Machi

Nilimuuliza ustadhi baada ya tarawehe kuhusu zaka ya zile 3,997. Akauliza, zimebaki ngapi? Nikamwambia. Akatabasamu: "Mlilipa deni la riba kwanza?" Ndiyo. "Basi mmeanza pazuri." Zaka tutakaa naye tuipige vizuri wiki ijayo, Baba Watoto alete karatasi.

Kochi limeahirishwa. Si mimi niliyesema.

Ijumaa, 14 Machi

Slipu ya kwanza yenye fomu mpya. Nimeifungulia kwenye gari, nje ya kazi, swaumu imenikaba na kichwa kinagonga. Kodi ya serikali kuu: dola 34. Wiki mbili zilizopita, 111. Akaunti ya pembeni imepokea 77 zake.

Sikusikia furaha yoyote. Ile ya Februari ilinirusha kitandani. Hii nimeitazama, nikafunga simu, nikawasha gari. Baba Watoto kaniuliza kwa simu, vipi? Nikamwambia imeingia. "Ngapi?" Sabini na saba. Kimya. "Haya," akasema, "lete tende."

Shoga wa chini yake imefika wiki iliyopita. Amelipa malimbikizo ya nyumba, amenunua vitanda viwili, na leo ametuletea sambusa sahani nzima.

Kwa yeyote wa mchezo atakayeniuliza, nitamwambia kwanza atazame slipu, si refandi: amekatwa ngapi, anadaiwa ngapi, na ana deni la kadi au hana. Mwenye deni la kadi, aichukue pesa yake sasa. Asiye na deni na anayejijua mkono wake, aache huko, hapotezi kitu cha kulilia. Mimi nina mtoto mmoja huku na mmoja kule. Mwakani marejesho yetu yatakuwa kama dola 2,400, na Baba Watoto ameshaambiwa.